UMEIONA KAZI HIYO KWA MACHO YAKO?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtembea bure si mkaa bure. Lakini safari ninayotaka kukusimulia haikuwa ya gari wala ndege. Tulitembea kwa barua tu, kutoka hapa Bungoma hadi Ujerumani na kurudi, na tulichookota njiani ndicho ninachotaka tugawane leo. Somo hili linawahusu zaidi wenzangu walio karibu kuchagua masomo, pamoja na wadogo zetu watakaotakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari ya juu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, au ule wa sanaa na michezo. Tega sikio.

BARUA ILIYOTUNYAMAZISHA

Mwaka jana, muhula wa kwanza ulipoanza, mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alituletea habari kwamba shule moja ya Ujerumani ilikuwa inatafuta wanafunzi wa Kenya wa kuandikiana nao. Tulijitolea kumi na wawili. Kazi ya kwanza ilikuwa rahisi: kila mmoja ajitambulishe, na aseme angependa kufanya kazi gani akimaliza shule. Tuliandika kwa Kiingereza, na chini ya kila barua tukaongeza sentensi tano za Kiswahili pamoja na maana yake ili wenzetu wajifunze. Mwalimu akazisahihisha, kisha akazituma kwa kompyuta ya shule.

Kabla ya kuzituma alifanya hesabu ubaoni. Madaktari watano, mawakili watatu, marubani wawili, mhandisi mmoja na msomaji habari wa televisheni mmoja. Mwalimu akatutazama, akasema, "Kwani nyinyi wote mkienda huko, huku nani atabaki kutulimia mahindi?" Tukacheka mpaka mwalimu wa zamu akachungulia dirishani.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale madaktari watano. Tena sikuwa daktari wa mzaha. Tangu nilipopata alama nzuri darasa la nane, baba alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani. Nikipita njiani, wazee waliniita "Daktari" na mimi niliitika.

Majibu yalikuja baada ya majuma matatu. Rafiki yangu wa kalamu, msichana wa miaka kumi na sita, alieleza kwamba zamani alitaka kuwa daktari wa wanyama. Halafu shule yao ilimpeleka akakaa majuma mawili na daktari wa wanyama, akaona kwamba anapenda wanyama lakini hapendi kazi ile. Mwishoni mwa barua akaniuliza hivi: je, wewe umeiona kazi ya udaktari kwa macho yako? Siku ya daktari huko kwenu huanza saa ngapi?

Nilipoisoma mbele ya wenzangu, darasa lilinyamaza kimya. Ukweli ni kwamba nilimwona daktari mara moja tu, nikiwa darasa la sita, nilipokuwa nimelala hoi kwa malaria. Daktari nilimwona, lakini kazi yake sikuiona. Wale mawakili watatu nao hawakuwa wamewahi kukanyaga mahakamani. Marubani wetu walikuwa wameziona ndege zikipita juu ya Mlima Elgon. Ama kweli, tulikuwa tunachagua mchumba kwa kusikia jina lake tu.

WENZETU HUFANYAJE?

Tukaanza kuulizana maswali zaidi. Nikaeleza hapa kwa ufupi yale tuliyojifunza.

Kule Ujerumani, mwanafunzi anapofika darasa la nane, la tisa au la kumi, kwa kawaida hutolewa darasani kwa muda wa majuma mawili au matatu. Hutafuta mwenyewe mahali pa kwenda: karakana ya magari, duka la mikate, hospitali, ofisi ya gazeti au shule ya chekechea. Huandika barua ya kuomba nafasi, akikataliwa huandika nyingine. Akirudi shuleni huandika taarifa ya aliyoyaona na kuyafanya. Lengo si kumpa kazi. Lengo ni aone.

Baadaye, vijana wengi sana wa huko hawaendi chuo kikuu moja kwa moja. Huingia katika mafunzo ya kazi ya miaka mitatu hivi, ambapo sehemu ya juma kijana huwa kazini akifundishwa na fundi aliyehitimu, na sehemu nyingine huwa darasani katika chuo cha ufundi. Muda huo wote hulipwa posho na mwajiri wake. Fundi wa umeme au seremala aliyepita njia hiyo haonekani kuwa mtu aliyefeli mtihani.

Usidhani kila kitu chao ni dhahabu. Tulishangaa kusikia kwamba katika majimbo mengi ya Ujerumani watoto hutenganishwa wakiwa na miaka kumi hivi, baada ya darasa la nne, kila mmoja akaelekezwa aina yake ya shule. Mwenzetu mmoja aliandika kuwaambia kwamba kwetu mtoto wa darasa la nne bado anafukuza ndama, atajuaje kazi yake? Wakajibu kwamba hata kwao watu hubishana sana juu ya jambo hilo. Basi tukaona kuwa kubadilishana na shule ya nje si kwenda kuiga. Ni kuweka sahani zetu mezani, kila mtu aonje cha mwenzake.

LIKIZO YANGU YA APRILI

Swali la rafiki yangu lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Likizo ya Aprili ilipofika nilimwomba mama ruhusa niende kwa mjomba, upande wa Kitale. Nilipanda matatu, nikapita Webuye, Misikhu, Kamukuywa mpaka Kiminini. Mjomba alinipeleka kwa mkuu wa kituo kimoja cha afya, nikaeleza shida yangu. Mama yule alinitazama kwa muda, akasema, "Sawa. Lakini hutaingia chumba cha wagonjwa, na jina la mtu ukilisikia hapa, liache hapa hapa." Nilikaa pale siku tisa, nikipanga kadi na kufagia.

Siku ya kwanza niliona kwamba kazi huanza kabla ya saa mbili asubuhi na foleni huwa imekwisha kujaa. Siku ya pili niliona kwamba pale hapakuwa na daktari hata mmoja! Aliyekuwa akitibu ni afisa wa kliniki, mwenye diploma. Walikuwapo wauguzi, mtoa dawa, mtu wa kumbukumbu, na kijana mmoja wa maabara. Nyumbani sisi wote hao tulikuwa tukiwaita "daktari".

Nilitambua jambo lingine. Kila mara foleni ilisimama mbele ya chumba cha maabara. Afisa wa kliniki hakuweza kuandika dawa mpaka karatasi itoke kule. Siku ya nne yule kijana wa maabara aliniita, akaweka kioo cha kufundishia chini ya hadubini, kioo cha zamani kisicho na jina la mtu. Akasema, "Angalia, usifunge jicho la pili." Mwanzoni niliona ukungu tu. Akazungusha kidogo. Mara nikaona chembe za damu, na ndani yake vile vimelea vya malaria, vidogo kama pete yenye kito. Nilishtuka. Hivi ndivyo vilivyonilaza darasa la sita! Nilikaa pale nikiangalia mpaka akaniuliza kama nimelala.

Kwa siku zilizobaki nilimuuliza maswali hadi akachoka. Alisomea wapi? Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, ambacho kina matawi hata Bungoma na Kitale. Alifanya masomo gani? Biolojia na Kemia zilikuwa za lazima kwake. Kitu gani kinamuudhi? Umeme kupotea katikati ya kazi, na watu kumfokea kwa majibu mabaya kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa. Kitu gani kinamfurahisha? Akafikiri, akasema, "Kujua ukweli kabla ya mtu mwingine yeyote."

Nilirudi nyumbani nikiwa na neno la kumwambia baba, na miguu ilikuwa mizito. Nilisubiri ale kwanza. Nikamwambia, "Baba, nimeona kazi. Nadhani ninataka maabara, si udaktari." Baba hakunifokea. Alinyamaza, akasukuma sahani, halafu akauliza, "Hiyo kazi itasomesha wadogo zako?" Sikuwa na jibu, kwa sababu mshahara ni swali ambalo sikuuliza kule Kiminini. Nilimwambia nitauliza. Akasema, "Uliza, halafu uje na karatasi." Nimekwisha kumpelekea karatasi ya masharti ya kujiunga na chuo. Bado anaisoma. Majirani bado wananiita "Daktari", lakini siku hizi siitiki haraka.

Wenzangu wa chama nao walifanya yao. Wakili mmoja alikaa siku mbili kwenye viti vya umma vya mahakama ya Bungoma, akarudi akiupenda uwakili maradufu. Kumbe kuona kazi si lazima kukufukuze. Kunaweza pia kukukaza.

MBEGU MBILI, SHAMBA MOJA

Huenda msomaji akauliza, kama kazi zote ziko hapa hapa, Ujerumani ilitusaidia nini? Jibu linaota katika mashamba ya Kitale. Katika miaka ya 1950 na 1960 watafiti wa mahindi pale Kitale walikuwa na mbegu nzuri ya kienyeji waliyoichagua wenyewe, iliyoitwa Kitale Synthetic II. Wakaichanganya na mbegu nyingine kutoka milima ya Ekwado, Amerika ya Kusini, iitwayo Ecuador 573. Mwaka 1964 wakatoa mbegu chotara ya H611, iliyozaa kuliko wazazi wake wote wawili, ikabadilisha kilimo cha sehemu zetu za juu. Mbegu ya Ekwado peke yake isingetosha. Ya Kitale peke yake isingetosha. Swali la rafiki yangu lilikuwa mbegu ya Ekwado. Kituo cha afya cha Kiminini kilikuwa mbegu ya Kitale.

Hata waliotutangulia walifanya hivyo hivyo. Mwezi wa Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, ndege iliwabeba wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani, na wengine mamia wakafuata hadi mwaka 1963. Miongoni mwa walioondoka mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyesomea biolojia katika chuo kimoja cha mji wa Atchison, jimbo la Kansas, akahitimu mwaka 1964. Aliporudi, alitumia elimu ile kuangalia miti na mito ya kwao. Mwaka 1977 akaanzisha harakati ya Green Belt, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Na hapa kwetu? Ken Walibora alizaliwa Bungoma, akakulia Cherang'any, Trans Nzoia. Aliwahi kuwa afisa wa urekebishaji tabia, akawa msomaji habari wa televisheni, na mwaka 1996 riwaya yake ya *Siku Njema* ikachapishwa, ambayo humtoa mhusika wake mkuu Tanga na kumleta mpaka Kitale. Baadaye alikwenda Marekani, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, kabla ya kurudi nyumbani. Alifariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020. Angalia maisha yake: kazi yake haikuwa moja, lakini Kiswahili alichokwenda nacho ng'ambo ndicho alichorudi nacho. Anayesema kuwa Kiswahili hakina kazi na amsome Walibora.

NAMNA YA KUANZA

Kwa shule itakayopenda kufuata njia hii, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, anzeni na barua kabla ya kuota ndege. Barua hazihitaji pasipoti. Ziko pia safari za kweli: mpango wa YES wa serikali ya Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002, umewahi kuwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka Kenya wakakae na familia za huko kwa mwaka mmoja wa shule. Lakini nafasi za namna hiyo ni chache mno. Shule nzima haiwezi kuzisubiri.

Pili, linganisheni kalenda. Sisi tunapofungua mwaka Januari, wao wako katikati ya mwaka wao ulioanza Agosti au Septemba. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Sisi tulipanga kuzungumza nao ana kwa ana kwa kompyuta, tukaketi saa nzima tukiangalia kioo kitupu kwa sababu ya kusahau jambo hilo.

Tatu, ulizeni maswali ya kazi badala ya maswali ya sifa. Sisi tulitunga matano, tukayauliza huko na hapa:
1. Siku yako ya kazi huanza na kwisha vipi?
2. Ulipita shule gani na masomo gani?
3. Kitu gani kinakuudhi katika kazi hii?
4. Kazi hii inamlisha mtu na jamaa yake?
5. Mahali hapa pakifungwa, ujuzi wako utakwenda nao wapi?

Swali la nne niliongeza mimi, kwa ajili ya baba. La tano lilitokana na Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifungwa mwaka 2009, na hata kama baadaye kilipata mwenyewe mpya, mji mzima ulijua maana ya kutegemea mlango mmoja. Fundi wa umeme alitoka na ujuzi wake mkononi.

Nne, msiombe tu, toeni pia. Wenzetu wa Ujerumani walitaka sana kujifunza Kiswahili. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tuliwaandalia somo la maamkizi siku hiyo. Aliyefundisha alikuwa yule mwenzetu anayetaka kusoma habari. Sasa anasema huenda akawa mwalimu wa lugha.

Tano, badilishaneni pia kwa jirani. Bungoma na Kitale ni mwendo wa matatu. Mwanafunzi wa Bungoma anaweza kuziona kampuni ya mbegu, kituo cha utafiti wa kilimo na jumba la makumbusho kule Kitale. Wa Kitale anaweza kuja kuona Chuo Kikuu cha Kibabii, chuo cha ufundi cha Sang'alo na mahakama. Je, ni lazima kwanza Mjerumani atuulize?

JIHADHARI

Sitamaliza bila kuonya. Jina la ng'ambo lina utamu, na penye utamu hapakosi nzi. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa katika mpango wa kaunti yao wa kuwapeleka vijana kusoma Finland na Kanada. Baadhi yao walikuwa wameuza mashamba na ng'ombe. Kwa hiyo mtu akikujia na habari ya safari, mwalimu mkuu na wazazi wajue kwanza. Shule ya huko iandikiwe moja kwa moja. Akikuhimiza ulipe leo kabla ya kesho, mwambie haraka haraka haina baraka. Barua zetu hazikumgharimu mzazi yeyote hata shilingi moja.

TAMATI

Shime wenzangu! Simwambii mtu yeyote aache ndoto ya udaktari, uwakili au urubani. Nchi inawahitaji wote. Ninachosema ni kwamba usimpe mwalimu karatasi ya kuchagua masomo kabla hujajibu swali moja dogo, lile lililonijia kutoka mbali na kunikuta mtupu. Majuzi nimemwandikia rafiki yangu wa kalamu kwamba siku ya kazi kule Kiminini huanza kabla ya saa mbili asubuhi. Imenichukua muda mrefu kumjibu, lakini nimemjibu kwa nililoliona.

Na wewe, msomaji, kazi yako huanza saa ngapi? Naitua kalamu hapa. Wasalaam.